Kansa ikiisha kesho tunaongezewa miaka mingapi?

Kuna kauli huwa naisikia kila mada ya kansa ikiguswa, kwamba siku dawa ya kansa ikipatikana watu wataishi miaka 150 kama mchezo, na anayesema hivo anasema kwa uhakika wa mtu aliyeonyeshwa risiti. Mimi sio daktari, mimi ni mtu wa hesabu tu napenda majedwali, na hii kauli inanikera kwa sababu ni swali lenye jibu. Unachukua jedwali la vifo, yaani lile linaloonyesha kati ya watu laki moja waliozaliwa pamoja wangapi wanafika 40, wangapi 60, wangapi 80, unafuta vifo vyote vilivyoandikwa kansa, vingine unaviacha vilivyo, halafu unapiga upya wastani wa miaka ya kuishi. Nathan Keyfitz, mtu wa demografia, alilichambua hilo mwaka 1977, na kwa nchi kama Marekani jibu huwa linazungukia miaka mitatu hivi. Mitatu, jamani.

Ukimwambia mtu hivo wa kwanza kukasirika ni yule aliyefiwa, na namuelewa kabisa. Lakini hebu tuangalie kwanini inatoka ndogo namna hiyo. Mtu uliyemuokoa na kansa akiwa na miaka 72 hujampa mwili wa miaka 20, bado ana moyo wa miaka 72, mishipa ya miaka 72 na figo za miaka 72, na kila kimoja kina tarehe yake. Ni kama ofisi yenye madirisha mengi, ukifunga dirisha moja wale waliokuwa wamepanga mstari pale hawarudi nyumbani, wanahamia la jirani.

Na hii hesabu sio mpya. Mwaka 1760 Daniel Bernoulli, Mswisi wa ile familia iliyozaa wanahisabati kama utani, aliuliza swali hilohilo kuhusu ndui: tukiiondoa kabisa tunapata nini? Akapata wastani unapanda kutoka miaka 26 na miezi 7 mpaka miaka 29 na miezi 9. Na yeye mitatu na kidogo! Ukiziweka hizi mbili pembeni kwa pembeni unaweza kudhani ndui na kansa zina uzito sawa, na hapo ndo wastani unapomdanganya mtu mchana kweupe. Bernoulli alichukulia ndui inaua mmoja kati ya 13. Kwahiyo ile mitatu na kidogo wanaigawana hao wachache tu, wengine wote wanapata sifuri, ukizidisha unakuta kila aliyeokolewa anapata kama miaka 41. Kansa kwa Marekani inachukua kama mmoja kati ya watano, zidisha, unapata kama 15 kwa kila aliyeokolewa. Ndui ilikuwa inabeba watoto, kansa kwa sehemu kubwa inabeba watu ambao safari wameshaila. Namba ileile ya juu, ndani yake hadithi mbili ambazo hazifanani hata kidogo.

Na miaka 15 kwa mtu mmoja sio kitu kidogo, ni kuona wajukuu wakimaliza shule. Kwahiyo wanaosema "mitatu tu, kumbe kansa sio ishu" nao wamepotea, wamepotea tu kwa njia ya upande wa pili.

Sasa nataka kuingia kwenye kitu ambacho binafsi kilinikosesha usingizi siku mbili, nikiwa na kompyuta na jedwali tupu.

Kuna fomula mbili kongwe. Ya kwanza ni ya Benjamin Gompertz, Myahudi wa London ambaye enzi zake vyuo vikuu havikumpokea kwa sababu ya dini yake, akajifundisha hisabati mwenyewe na kuishia kwenye kazi za bima. Mwaka 1825 alionyesha kwamba uwezekano wa mtu mzima kufa haupandi kwa kujumlisha, unapanda kwa kuzidisha, na kwa binadamu unakuwa mara mbili kila baada ya miaka 8 hivi. Mtu wa 48 hatari yake ni mara mbili ya wa 40, wa 56 mara nne, endelea hivo. Ajabu ni kwamba hii inashika kwenye nchi tajiri na maskini, karne hii na ile, kinachobadilika zaidi ni pale mstari unapoanzia, mwinuko wenyewe haubadiliki sana.

Ya pili ni ya Peter Armitage na Richard Doll, 1954. Doll ndo yule aliyeonyesha na mwenzake Bradford Hill kwamba sigara inaleta kansa ya mapafu. Hawa walichukua takwimu za vifo vya kansa Uingereza za 1950 na 1951, wakazichora kwa mizani ya logi pande zote mbili (mizani ambayo kila hatua ni kuzidisha, sio kujumlisha), na kwa kansa nyingi ukatoka mstari ulionyooka wenye mwinuko wa karibu 6. Yaani vifo vya kansa vinapanda kwa umri uliopandishwa kipeo cha sita, umri mara umri mara umri mpaka ziwe umri sita. Umri ukiwa mara mbili, kutoka 40 mpaka 80, hatari inazidishwa mara 64.

Umeona tofauti? Moja inazidisha kiasi kilekile kila muongo mpaka mwisho. Nyingine inazidisha sana mwanzoni halafu inachoka. Nikaziweka kwenye jedwali. Kwa Gompertz kila miaka kumi ni mara 2.4 hivi, iwe 40 kwenda 50 au 80 kwenda 90. Kwa kipeo cha sita, 40 kwenda 50 ni mara 3.8. 50 kwenda 60 ni karibu mara 3. 60 kwenda 70 ni mara 2.5. Halafu 70 kwenda 80 ni 2.2, na 80 kwenda 90 ni 2 tu.

Zimepishana njiani, na zinapopishana ni karibu na miaka 70. Kabla ya hapo kansa inakimbia kuliko vifo kwa ujumla, kwahiyo sehemu yake kwenye vifo vyote inakua, baada ya hapo vifo vingine vinakimbia kuliko yenyewe na sehemu yake inapungua. Nikaenda kuangalia takwimu halisi nikijua nitaaibika, nikakuta ndivyo ilivyo, kwenye nchi zenye kumbukumbu nzuri za vifo kansa inatawala zaidi kwa watu wa miaka ya 50 mpaka 70 na kitu, ukifika 90 moyo na ubongo na udhaifu wa jumla vimeshaipita. Fomula mbili za watu waliopishana zaidi ya karne moja, hakuna aliyekuwa anamfikiria mwenzake, zinakutabiria umri ambao kansa inakuwa mfalme na umri ambao inavuliwa taji. Mimi hicho kitu nakiona kizuri kuliko goli la dakika ya 90.

Na hicho ndo kinaeleza ile mitatu. Kansa inaondolewa sehemu ambayo Gompertz, yaani vifo vya sababu nyingine, yupo nyuma yake mita chache.

Hiyo sita yenyewe imetoka wapi? Chukua mlango wenye kufuli saba na mwizi asiye na akili, kila usiku anajaribu funguo bila mpango na kufuli likishafunguka halifungiki tena. Kama kufuli lingekuwa moja tu, hatari ya kuibiwa usiku wa leo haina habari na umri wa nyumba. Yakiwa mawili, hatari ya leo inategemea kama la kwanza lilishafunguka, na uwezekano huo unakua sawasawa na umri. Yakiwa matatu unapata umri mara umri. Kwahiyo makufuli saba yanakupa kipeo cha sita, moja pungufu, maana la mwisho ndo linalofunguka sasa hivi. Armitage na Doll walisema hivo: labda seli inahitaji mabadiliko sita au saba hivi ndo iwe kansa. Wakati huo kinasaba kilikuwa kinajulikana kwa mbali, ndo kwanza mwaka mmoja tangu umbo la DNA lipatikane, hakuna aliyekuwa ameona hata kufuli moja.

Kufuli la kwanza kuonekana vizuri lilitoka kwa watoto. Alfred Knudson, 1971, alichukua kesi 48 za retinoblastoma, kansa ya jicho la watoto wadogo. Wapo waliorithi ugonjwa, wengi wao macho yote mawili na mapema sana, na wapo ambao hawakurithi, jicho moja na wanaugua wakiwa wakubwa kidogo. Akachora tu asilimia ya ambao bado hawajagundulika dhidi ya umri. Kundi la kwanza mstari ulionyooka, kundi la pili mstari uliopinda. Mstari ulionyooka ni tukio moja, uliopinda ni mawili. Akasema basi, wa kwanza wamezaliwa kufuli moja likiwa limeshafunguliwa. Jeni lenyewe lilikuja kupatikana 1986, miaka 15 baadae, na alikuwa sahihi. Karatasi, kalamu, watoto 48.

Nakubali makufuli ni picha tu na picha ina mwisho wake. Kansa ya matiti kwa mfano haifuati mstari, grafu yake inapinda karibu na umri wa kukoma hedhi na kupanda taratibu baada ya hapo, kwa sababu mwizi alikuwa anasaidiwa na homoni na msaidizi ameondoka. Na seli iliyofunguliwa kufuli mbili haikai peke yake, inazaana, kwahiyo sasa una nyumba elfu zenye kufuli mbili wazi, na ukiingiza hilo kwenye hesabu unaweza kupata mwinuko uleule kwa hatua chache zaidi. Namba ya makufuli usiishike kama aya ya kitabu kitakatifu.

Ila kitu kimoja hiyo picha inakifundisha na watu hawakisikii. Kwa sigara, Doll na Richard Peto walikuja kukuta kwamba kansa ya mapafu inapanda kwa muda wa kuvuta uliopandishwa kipeo cha nne au cha tano, wakati idadi ya sigara kwa siku haina nguvu karibu na hiyo. Yaani mtu wa sigara kumi kwa miaka 40 yupo pabaya kuliko wa sigara 20 kwa miaka 20, japo jumla ni ileile. Na aliyeacha, ile hatari ya ziada inaganda karibu na pale alipoiachia badala ya kuendelea kupanda na kipeo chake. Sasa mtu anakwambia "nimepunguza". Umepunguza kile kinachopanda polepole, kinachopanda kwa kasi umekiacha kinakimbia.

Huyo Peto ndo alileta fumbo ambalo linabeba jina lake mpaka leo. Kama kila seli ni nyumba yenye mwizi wake, basi mnyama mwenye seli nyingi zaidi anatakiwa kuugua zaidi. Binadamu ana seli mara maelfu kuliko panya na anaishi mara 30 zaidi, kwa kipeo cha sita tulitakiwa tuwe tumekwisha kabla ya kubalehe. Tembo ndo usiseme. Na nyangumi wa Aktiki anayepita miaka 200 angekuwa hadithi. Lakini wapo. 2015 ikajulikana kwamba tembo ana nakala 20 za jeni TP53, lile linaloiamuru seli iliyoharibika isimame au ijiue, sisi tunalo moja tu. Nakala zake sio zote zinafanya kazi kama ile ya asili, ila seli za tembo zikiharibiwa DNA zinajiua haraka kuliko zetu, hazina huruma.

Halafu 2022 ukatoka utafiti mwingine niliousoma nikiwa nimesimama. Watu wa Uingereza walipima mabadiliko ya DNA kwenye seli za utumbo za aina 16 za mamalia. Panya wa kawaida anakusanya kama 800 kwa mwaka kwenye kila seli, binadamu 47. Twiga 99, na yule fuko mdogo asiye na manyoya anayeishi chini ya ardhi Ethiopia, Somalia na Kenya, 93. Twiga na fuko! Mmoja anachungulia juu ya miti mwingine anaenea kiganjani, ila umri wao wa kuishi unakaribiana na mabadiliko yao yanakaribiana. Ukizidisha kwa umri wa kila mnyama, wote wanaishia kwenye eneo moja, kama 3,000 na kitu kwa kila seli mwisho wa maisha, inapishana mara tatu hivi wakati umri wenyewe unapishana mara 30. Ukubwa wa mwili haukuwa na habari. Kwahiyo mwili unaotaka kuishi muda mrefu unampunguza kasi mwizi, hauongezi makufuli peke yake, na hapa kansa na uzee vinaanza kuonekana kama watoto wa tumbo moja.

Huyo fuko ana kituko kingine, 2018 walichapisha kumbukumbu za zaidi ya fuko 3,000 waliofugwa maabara, na hatari ya kufa haipandi na umri. Gompertz hawamjui. Kansa nayo kwao ni nadra mno, ingawa kesi chache zimeonekana.

Turudi kwenye ile kauli ya miaka 150, maana hapa ndo ugomvi wangu na hao jamaa ulipo. Wao wanachukulia kansa ni adui wa nje aliyeingia, ukimtoa mwili unabaki mzima kama ulivyokuwa. Ila angalia panya wa 2002 kule Marekani. Walikuwa na jeni la p53, ndo lilelile TP53 la tembo kwa jina fupi, lililobadilika kiasi kwamba linafanya kazi kupita kiasi. Kansa zikapungua kweli. Lakini wakazeeka mapema, mifupa ikawa laini, ngozi ikawa nyembamba, kidonda hakiponi vizuri, na wakafa mapema kuliko wenzao kwa kama asilimia 20. Polisi aliongezewa risasi, akawa anapiga na wapita njia. Seli ambayo inajiua au inakataa kugawanyika kwa kila kosa dogo haiwi kansa, sawa, ila pia hairudishi ngozi, hairudishi damu, hairudishi utumbo. Seli za kawaida zenyewe kwenye chombo zinagawanyika kama mara 50 halafu zinagoma, Hayflick alionyesha hilo tangu 1961, na kansa karibu tisa kati ya kumi zinafufua kimeng'enya cha kurefusha ncha za kromosomu ili zikwepe mgomo huo. Breki ya kansa na kutu ya uzee ni chuma kimoja.

Paul Nelson na Joanna Masel wa Arizona waliliweka hilo kwenye milinganyo mwaka 2017. Mwili ni seli zinazoshindana. Ukiruhusu ushindani, seli goigoi zinaondolewa na zenye bidii zinabaki, vizuri, ila siku moja mwenye bidii kupita wote ni kansa. Ukizuia ushindani, kansa unaidhibiti, ila seli goigoi zinajaa kama vyombo vichafu kwenye sinki. Hitimisho lao ni kwamba kwa kiumbe chenye seli nyingi uzee haukwepeki, ukiziba huku panavuja kule. Watu wengi walisoma "haukwepeki" wakakunja jamvi.

Mimi nadhani walikimbia kukunja jamvi. Mlinganyo unakwambia maji yatavuja, haukwambii kwa kasi gani. Mwaka huohuo 2002 kundi la Uhispania lilitengeneza panya wengine wenye nakala za ziada za p53, ila hizi ziliachwa na swichi yake ya asili, inawaka pakiwa na shida tu. Kansa zikapungua na uzee wa mapema haukuja, na baadae walipoongeza na jeni jirani linaloitwa Arf panya wakaishi zaidi ya kawaida kwa kama asilimia 16. Jeni lilelile, tofauti ni lini linawaka. Fuko na tembo nao wanasema vivyohivyo. Mizani ipo, ila kitasa cha mizani hakijapigiliwa misumari.

Na wapo wanaosema makufuli yote hayo ni nusu ya hadithi, nusu nyingine ni mlinzi. Tezi ya thaimasi, iliyopo kifuani, inayofundisha seli za kinga, inasinyaa inapungua kwa nusu kila miaka 16 hivi, na 2018 Sam Palmer na wenzake walionyesha kwamba ukitumia kusinyaa huko peke yake unaweza kufuata kupanda kwa kansa nyingi na umri vizuri tu bila kipeo cha sita. Sishangai. Mistari miwili inayopanda siku zote itafanana, ndo shida ya kulinganisha grafu. Ila matibabu yanayotoka kwenye kila hadithi ni tofauti kabisa, kwahiyo sio ubishi wa kupoteza muda.

Ubishi wa kupoteza muda ulikuwa ule wa 2015. Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein walichora idadi ya mara ambazo seli shina, yaani zile zinazozaa seli nyingine, za kila kiungo zinagawanyika maisha yote, dhidi ya hatari ya kansa ya kiungo hicho, wakapata uhusiano wa 0.8 (1 ndo uhusiano kamili), yaani unaeleza kama asilimia 65 ya tofauti kati ya kiungo na kiungo. Vyombo vya habari vikaandika theluthi mbili za kansa ni bahati mbaya. Hapana! Kwanini utumbo mkubwa unaugua kuliko mfupa ni swali moja, kwanini wewe umeugua na mimi sijaugua ni swali jingine. Wote wakianza kuvuta sigara kesho, kansa ya mapafu inapaa, na huo mchoro wa seli shina hautahama sana. Watu wakatumia ile habari kuwashia sigara.

Nimalizie na namba ambayo ndo hasa inawafikia watu, ile ya asilimia ya kuishi miaka mitano, maana hapo uzee na kansa vinachanganywa mpaka inatia huruma.

Chukua mama mmoja ambaye kansa yake itamuua akiwa na 70, iwe isiwe. Akigundulika kwa dalili akiwa na 67, ameishi mitatu, hayupo kwenye walioishi mitano. Akigundulika kwa kipimo akiwa na 63, ameishi saba, ni "mshindi". Amekufa siku ileile. Asilimia imepanda bila mtu yeyote kuongezewa hata asubuhi moja. Korea Kusini walilipia somo hili, vipimo vya ultrasaundi vya shingo vilisambaa na ikafika 2011 kansa ya tezi ya shingo inagundulika mara 15 kuliko 1993, huku vifo vikiwa palepale. Asilimia ya kuishi mitano ikakaribia mia. Maelfu wakatolewa tezi na kumeza vidonge maisha yote kwa uvimbe ambao wangezikwa nao bila kujua. 2014 madaktari wenyewe walipopiga kelele, upasuaji ukashuka haraka. Sisemi kupima ni kubaya, kupima shingo ya kizazi kunaokoa watu kweli na vifo vinashuka, ndo maana nasema angalia vifo, usiangalie asilimia ya mitano.

Kosa jingine limejificha zaidi. Ile grafu ya ngazi inayoshuka ambayo hospitali zote wanatumia ni ya Kaplan na Meier, 1958, wawili walioandika kitu kimoja kila mtu kwake na jarida likawaambia waungane. Ni kazi nzuri, ila inachukulia kwamba aliyetoka kwenye utafiti kabla ya mwisho anafanana na waliobaki. Mzee wa 84 mwenye kansa ya tezi dume akifa kwa moyo, grafu ikimhesabu kama "ametoka tu", inakuwa imesema kimyakimya kwamba angekuwepo angeendelea kuwa kwenye foleni ya kufa kwa kansa. Wakati hayupo! Kwa vijana kosa ni dogo, kwa wazee linavimba na kuifanya kansa ionekane inaua kuliko inavyoua. Ile habari ya Gompertz mita chache nyuma, imerudi tena kwa mlango wa uani. Dawa yake ipo, kuna hesabu zinazohesabu vifo vinavyoshindana kila kimoja kwa jina lake, ila kwenye makaratasi ya kumpa mgonjwa sizioni.

Shangazi yangu aliambiwa asilimia 60. Alikaa kimya ndani ya gari muda mrefu halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nipo kwenye sitini au kwenye arobaini?" Sikuwa na jibu, nikamwambia shangazi tusubiri. Nilipofika nyumbani nikachukua karatasi. Kati ya 100 walioanza pamoja naye 40 wangeondoka ndani ya mitano, na kwa kansa ya aina yake wengi huondoka mapema, tuseme 30 kati yao kwenye miaka miwili ya mwanzo. Ukivuka miwili mmebaki 70, na katika 70 hao 60 wanafika. Sio 60 kwa 100 tena, ni 60 kwa 70, asilimia 86 hivi. Na hiyo 60 ya mwanzo ilitoka kwa watu waliogundulika miaka mingi nyuma, kwa dawa za wakati huo, wazee kwa vijana wamechanganywa, na waliokufa kwa mambo mengine sijui walihesabiwaje.

Juzi ametimiza miaka mitatu. Kwenye faili lake bado imeandikwa 60, na kila akienda kliniki anaiona, kwahiyo safari hii nimemwandikia namba mpya kwenye kikaratasi akaiweka kwenye pochi, akaniuliza kama na hii mwakani itabadilika. Nikamwambia itabadilika shangazi, uje tuipige tena.